Kabla ya kununua bobini nyingine: kufuata njia ya umeme kwenye trekta ndogo za bustani za zamani

FundiLushi, Lubumbashi

Ndugu wasomaji, salamu kutoka Lubumbashi. Nimeamua kufungua uzi huu baada ya kumaliza kazi kwenye trekta ndogo ya bustani, Cub Cadet 122 iliyotengenezwa na International Harvester katika miaka ya 1960, ambayo iko kwenye shamba moja upande wa barabara ya Kipushi. Mwenye shamba alihangaika nayo kiangazi kizima. Alinunua betri, akanunua bobini, akanunua buji tatu, na injini haikuwaka hata mara moja. Nilipofika nikakuta kosa liko kwenye platini, yaani vile vipande viwili vya chuma vinavyogusana na kuachana ili kukata umeme wa bobini, mahali pasipozidi ukubwa wa ukucha wa kidole cha mwisho, na dawa yake ilikuwa kipande cha karatasi ngumu. Yule mzee alihesabu fedha alizokwisha kutumia, akanyamaza. Ninaandika ili mwingine asifike hapo.

Kwanza tuelewane kwa maneno, kwa kuwa najua wasomaji wanatoka nchi mbalimbali. Sisi huku tunasema buji, wenzetu wa Tanzania husema plagi. Bobini yetu ni koili yao. Na tunaposema masi tunamaanisha mwili wa chuma wa mashine ambao unarudisha umeme kwenye upande hasi wa betri.

Injini ya trekta hii ni Kohler K301, silinda moja, nguvu farasi 12, chuma kizito cha kusubu ambacho kikitunzwa kinaweza kumzika aliyekinunua. Mfumo wake wa kuwasha ni wa betri. Umeme unatoka kwenye betri, unapita kwenye swichi ya ufunguo, unaingia kwenye bobini kwa upande chanya, unatokea upande hasi, unakwenda kwenye platini, na kutoka hapo unaishia kwenye masi. Platini zenyewe ziko ubavuni mwa injini chini ya kifuniko kidogo, na zinasukumwa na kijiti cha chuma kinachotoka ndani kwenye kamshafti. Zikifungana, umeme unapita kwenye bobini na kujenga nguvu ya sumaku. Zikiachana, nguvu ile inaporomoka kwa ghafla, na ndipo bobini inapotoa maelfu ya volti yanayoruka kwenye buji. Kondensa iliyofungwa kando ya platini inapokea msukumo wa umeme wakati wa kuachana, ili platini zisiungue na ili sumaku iporomoke haraka.

Ukiielewa njia hiyo, kipimo kimoja tu kinaweza kukuambia karibu kila kitu. Weka multimeta kwenye volti 20 za umeme wa betri, ncha nyeusi iguse chuma kitupu cha injini, ncha nyekundu iguse upande hasi wa bobini. Toa buji ili injini izunguke kwa mkono bila kushindana na mgandamizo, fungua ufunguo bila kupiga stata, kisha zungusha gurudumu zito la injini, yaani flaiwili, polepole. Platini zikiwa zimeachana, kipimo kinapaswa kuonyesha volti sawasawa na za betri. Zikiwa zimefungana, kinapaswa kushuka hadi karibu na sifuri, kisizidi volti 0.2.

Kwenye trekta ya Kipushi nilipata volti 12.4 zikiwa zimeachana, na zilipofungana nilipata 11.9. Nilitazama kwa kurunzi: zimefungana kabisa, chuma juu ya chuma. Kwa macho hazikuwa na kasoro, lakini umeme haukupita, kwa sababu mashine ililala nje masika mawili mazima na unyevu ukazifunika uso kwa utando wa kijivu ambao hauonekani usipoutafuta. Nilizipitisha tupa nyembamba mara tatu, nikavuta karatasi ngumu katikati yake mpaka ikatoka safi, nikapima tena: 0.1. Nilirudisha buji, na injini ikawaka kwenye mzunguko wa tatu.

Ikiwa kwako kipimo kinabaki sifuri wakati wote, hata platini zikiachana, basi ama kondensa imekufa ikawa inapeleka umeme moja kwa moja kwenye masi, ama waya wake umechubuka na kugusa chuma. Tenganisha kondensa na upime tena; volti zikirudi, umeshampata mkosaji. Na ikiwa hakuna volti yoyote mahali popote, rudi nyuma hadi upande chanya wa bobini, kisha kwenye swichi, kisha kwenye fyuzi, hatua kwa hatua, mpaka utakapokutana na umeme. Kosa liko kati ya mahali pa mwisho penye umeme na mahali pa kwanza pasipo nao.

Neno moja kuhusu bobini aliyouziwa mzee wetu. Duka moja hapa mjini lilimpa bobini ya gari na kumhakikishia kwamba bobini zote ni sawa. Niliipima upande wa chini, kati ya chanya na hasi, nikapata omu 1.5. Bobini kama hiyo imeundwa kufanya kazi pamoja na kizuizi cha nje kinachopunguza umeme. Ile ya asili, ambayo ilikuwa imetupwa juu ya rafu kama takataka, ilinipa omu 4 upande wa chini na kama omu 9,000 upande wa juu, ule unaopeleka cheche kwenye buji, yaani ilikuwa nzima. Piga hesabu wewe mwenyewe: volti 12 kwa omu 4 ni ampea 3, ambazo platini zinazimudu, volti 12 kwa omu 1.5 ni ampea 8, na platini ndogo kama hizi zitaungua na kuwa na rangi ya bluu baada ya kazi ya siku chache. Nilimrudishia bobini yake ya zamani.

Usiache ufunguo wazi kwa muda mrefu injini ikiwa imesimama, maana platini zikiwa zimefungana bobini itachemka bila sababu.

Kijana_Katuba, Lubumbashi

Papa Fundi, shikamoo na asante kwa somo. Nina maswali mawili. La kwanza, mimi husafisha platini kwa msasa wa chuma, na mara nyingi injini inawaka, lakini baada ya wiki moja inasumbua tena. Je, kosa ni msasa? La pili, ule mwanya wa platini ninaupima kwa kipande cha bapa la msumeno wa chuma kama nilivyofundishwa na mkubwa wangu wa kazi. Inafaa?

FundiLushi, Lubumbashi

Marahaba, mwanangu. Msasa wa chuma unaacha punje ndogo ngumu ambazo zinajipachika kwenye uso wa platini, na kila cheche inayopita inachimba pembeni mwa punje hizo. Ndiyo sababu unarudi baada ya wiki. Tumia tupa nyembamba sana, na umalizie kwa karatasi ngumu isiyo na wino. Mimi hukata kadi nyeupe. Hata platini mpya kutoka kwenye pakiti zifute kwa spiriti kwanza, kwa kuwa huwa zimepakwa mafuta ya kuzuia kutu, na nimewaona watu wakilaani platini mpya ambazo hazikuwa na kosa lolote isipokuwa mafuta hayo.

Kuhusu bapa la msumeno, mheshimu mkubwa wako, lakini bapa hilo kwa kawaida lina unene wa zaidi ya milimita 0.6, na injini hizi zinataka 0.5. Tofauti ni ndogo, lakini ina athari, kwa sababu kwenye Kohler hizi mwanya ndio unaopanga wakati wa cheche. Mwanya ukiwa mpana, platini zinaachana mapema na cheche inawahi. Injini inaweza kurudisha teke wakati wa kupiga stata. Ukiwa mwembamba, cheche inachelewa, injini inapata moto na kukosa nguvu.

Njia iliyo bora kuliko geji yoyote ni hii. Karibu na flaiwili kuna tundu dogo la kuchungulia, na kwenye flaiwili yenyewe kuna alama mbili, herufi T na herufi S. T ni pale pistoni inapofika juu kabisa. S ni pale cheche inapopaswa kutoka, nyuzi 20 kabla ya hapo. Acha multimeta yako kwenye upande hasi wa bobini kama nilivyoeleza, zungusha flaiwili polepole upande inaozungukia ikiwa kazini, na utazame: namba inapaswa kuruka kutoka sifuri hadi 12 wakati uleule herufi S inapofika katikati ya tundu. Ikiruka kabla, punguza mwanya kidogo. Ikichelewa, ongeza kidogo. Mara ya kwanza itakuchukua nusu saa. Mara ya tano utaifanya huku unazungumza na mteja.

Halafu chungulia kama platini zina mafuta. Kile kijiti kinachozisukuma kikichakaa, mafuta ya injini hupanda nacho na kulowesha platini, na hapo utasafisha mpaka uchoke. Kazi hiyo ni ya kubadilisha kijiti.

MamaShamba, Bukavu

Baba Fundi, salamu kutoka Bukavu. Mimi ni mkulima wa mboga, na trekta yangu ni Simplicity ya zamani yenye injini ya Briggs & Stratton. Swichi ya ufunguo ilivunjika wakati wa mvua. Fundi wa hapa aliniletea swichi mpya yenye vishikizo vya nyuma vinavyofanana kabisa na vya ile ya zamani, akaunganisha waya kama zilivyokuwa. Nilipozungusha ufunguo, waya mmoja mwembamba ulitoa moshi, nikazima haraka. Tangu siku hiyo stata inazungusha injini vizuri, lakini haiwaki. Fundi anasema bobini imekufa na kwamba lazima niagize nyingine kutoka ng'ambo. Nimefuata kipimo chako na sijaona volti yoyote kwenye bobini. Nisaidie, kwa sababu msimu wa kupanda hauningoji.

FundiLushi, Lubumbashi

Mama, pole sana, na tafadhali usiagize chochote kwanza. Kutoona volti kwenye bobini yako si dalili ya ugonjwa. Huo ndio uzima wake. Injini yako inaelekea kuwa ya magneto, na magneto haiombi chochote kwa betri. Sumaku iliyo kwenye flaiwili inapita karibu na bobini na kutengeneza umeme wake yenyewe, na betri ipo kwa ajili ya stata na taa tu. Kipimo nilichoeleza juu ni cha mfumo wa betri, na ilinipasa kuwaonya wenye magneto tangu mwanzo.

Swichi za mifumo hii miwili zinafanana kwa sura lakini kazi zake ni kinyume kabisa. Swichi ya mfumo wa betri inapeleka volti 12 kwenye bobini ufunguo unapofunguliwa. Swichi ya magneto haipeleki kitu ufunguo unapofunguliwa. Ni wakati wa kuzima tu ndipo inaunganisha waya mwembamba wa bobini na masi, ili cheche ife. Ninaamini fundi wako alifunga swichi ya betri kwenye mashine ya magneto. Ulipozungusha ufunguo, volti 12 zilikimbia kwenye ule waya wa kuzimia, zikakuta platini zimefungana, zikapita moja kwa moja hadi kwenye masi. Ndiyo asili ya moshi ule.

Fanya hivi. Ondoa upande hasi wa betri. Tafuta ule waya mwembamba unaotoka chini ya flaiwili kwenda kwenye swichi, utenganishe na swichi na ufunge ncha yake kwa utepe wa umeme isiguse chuma. Toa buji, irudishe kwenye kofia yake, uilaze juu ya chuma kitupu cha injini mbali na tundu la silinda na mbali na petroli, kisha rudisha betri na upige stata. Cheche ikionekana, bobini ni nzima na kosa lote lilikuwa swichi. Isipoonekana, bado usiihukumu bobini. Injini za Briggs & Stratton za kabla ya 1982 kwa kawaida zina platini chini ya flaiwili, na kama umeme ulipita hapo, basi hapo ndipo palipoungua. Flaiwili itabidi itolewe kwa chombo chake cha kuvutia, isigongwe kwa nyundo.

Wakati wa kuirudisha, mwambie fundi aangalie ile chavi ndogo ya chuma laini inayoshikilia flaiwili kwenye shafti isiwe imekatika, na mwanya kati ya bobini na flaiwili uwe kati ya milimita 0.25 na 0.35.

PapaDinamo, Lubumbashi

Vijana wangu, mimi ni mzee wa Kamalondo, nimefanya kazi ya umeme wa mashine tangu nikiwa kijana, na ningependa kuongeza juu ya upande ambao bado haujaguswa, nao ni kuchaji na kupiga stata.

Cub Cadet aliyoitaja Fundi haina stata peke yake na dinamo peke yake. Ina chombo kimoja cha Delco-Remy kinachofanya kazi zote mbili, ambacho sisi tulikiita dinastata: unapopiga ufunguo kinazungusha injini kwa mkanda, na injini ikishawaka, mkanda uleule unakizungusha chenyewe kichaji betri. Kwa hiyo mkanda ukilegea unaharibikiwa mara mbili. Kabla ya kufungua chochote, bonyeza mkanda kwa kidole.

Injini ikizunguka kwa uvivu, watu hukimbilia betri. Nililetewa moja iliyokwisha kubadilishiwa betri mara mbili. Niliweka ncha moja ya kipimo kwenye nguzo hasi ya betri na nyingine kwenye chuma cha injini, nikamwambia mwenyewe apige stata: volti 3. Hapo panapaswa kuwa na chini ya volti 0.3. Robo ya nguvu ya betri ilikuwa inapotelea njiani, kwa sababu mtu alibadilisha kebo ya masi kwa waya wa nyumba wa milimita mraba 2.5, na akaufunga juu ya rangi. Tuliweka kebo nene ya gari, tukakwangua rangi mpaka chuma kikang'aa, tukapaka grisi kuzuia kutu, na betri ileile iliyolaumiwa ikazungusha injini kwa kishindo.

Kuhusu kuchaji: injini ikiwa kwenye mwendo wa kazi, pima kwenye nguzo za betri. Ukipata kati ya 13.8 na 14.4, acha kazi hiyo na uende nyumbani. Ukipata 12 na kushuka, dinastata haichaji, au regileta, yaani kifaa kinachodhibiti volti za kuchaji, haiiruhusu. Dinastata ina vichwa viwili, A na F. Injini ikiwa inazunguka kwa mwendo wa wastani, gusisha F kwenye masi kwa waya mfupi kwa sekunde chache tu. Volti zikipanda, dinastata ni nzima na mgonjwa ni regileta. Zisipopanda, ni dinastata, na mara nyingi ni brashi za kaboni zilizokwisha. Msishikilie waya ule kwa muda mrefu, kwa sababu wakati huo hakuna kinachozuia volti kupanda.

Mashine ikikaa muda mrefu, au betri ikiwahi kufungwa kinyume, dinastata hupoteza kumbukumbu ya sumaku yake. Injini ikiwa imezimwa, unganisha kichwa cha BAT na kichwa cha GEN cha regileta kwa waya kwa kufumba na kufumbua. Utaona cheche ndogo. Inatosha.

NdegeWaVirunga, Goma

Wakubwa zangu, naomba na mimi niulize. Yangu inawaka vizuri asubuhi, inafanya kazi kama dakika 20, kisha inazimika kama mtu aliyekata waya. Nikingoja ipoe, inawaka tena. Nimeambiwa ni bobini inayochoka kwa joto.

FundiLushi, Lubumbashi

Ndugu, inaweza kuwa hivyo, na inaweza kuwa kondensa, ambayo hufanya vilevile na bei yake ni ndogo. Lakini kosa linalofanana sana na hilo halina uhusiano wowote na umeme: kifuniko cha tangi ambacho tundu lake la hewa limezibwa na vumbi. Petroli inapotoka na hewa haiingii, tangi linavuta kinyume, kabureta inakauka, injini inakufa. Ukingoja, hewa inapenya kidogo kidogo, na inawaka tena kana kwamba imepoa.

Uamuzi uko katika dakika ile ya kwanza baada ya kuzimika. Uwe na buji ya akiba mfukoni. Injini ikikufa, ichomeke papo hapo kwenye waya, ilaze kwenye masi na upige stata. Cheche ya bluu yenye mlio ikiwapo, fungua kifuniko cha tangi na usikilize kama hewa inavutwa. Cheche ikikosekana au ikiwa ya njano na hafifu, badilisha kondensa kwanza, na bobini ije baadaye.

Kijana_Katuba, Lubumbashi

Papa Fundi, kuna jambo limenikaa kichwani. Kwa nini tusitupe platini zote na kuweka mfumo wa kielektroniki wa pikipiki? Pikipiki zimejaa kila mtaa na vipuri ni rahisi.

PapaDinamo, Lubumbashi

Mwanangu, niruhusu nijibu. Mfumo wa pikipiki unahitaji kihisi chake na alama yake kwenye flaiwili, iliyopimwa kwa pikipiki ile. Nimeona watu wakitoboa flaiwili ya chuma cha kusubu ili kuweka alama hiyo. Flaiwili hiyo inazunguka mara 3,600 kwa dakika karibu na magoti ya dereva, na ikipasuka haitamwuliza aliyeitoboa. Platini zinaweza kusafishwa shambani kwa tupa na karatasi. Mimi nitabaki nazo.

MamaShamba, Bukavu

Baba Fundi, ninarudi na majibu. Tulitenganisha ule waya mwembamba kama ulivyosema: hakukuwa na cheche. Fundi alitoa flaiwili kwa chombo cha kuvutia alichoazima, na chini yake tulikuta platini nyeusi kama mkaa, upande mmoja ukiwa na kishimo. Hatukupata mpya hapa mjini siku hiyo, kwa hiyo alizipitisha tupa mpaka zikakaa sawa, tukavuta karatasi, tukapanga mwanya wa 0.5. Chavi ilikuwa nzima. Cheche ilirudi, ya bluu, na mtoto wangu aliisikia mlio wake akiwa mlangoni.

Swichi ya betri tumeitoa. Kwa sasa nazimia kwa kitufe kidogo kinachounganisha ule waya na masi, na leo tumelima matuta yote ya kabichi hadi saa kumi. Kishimo kile bado kipo, najua. Je, platini za Briggs zinaweza kupatikana huko Lubumbashi, au niwaulize watu wa Kasumbalesa?

FundiLushi, Lubumbashi

Hongera sana, Mama, na umpe hongera fundi wako pia kwa kutotumia nyundo. Ninazo seti mbili hapa kwenye droo, zenye kondensa zake. Niandikie kwenye ujumbe wa faragha namba zilizochongwa kwenye bati la injini, modeli na aina, nihakikishe ni zenyewe kabla sijazituma.